Uwanja Unaoshika Maji

Jumatatu, 20 Oktoba

Kocha Haroun amenipa kitabu hiki leo. Anataka niandike kila siku: nimemwagilia mara ngapi, nyasi ziko namna gani, jua au mawingu. Amesema niandike Kiswahili, si Kikamba, kwa sababu wakaguzi wa mashindano wanatoka nchi za nje. Haya. Nimemwagilia mara mbili. Nyasi ni kijani mpaka ng'ombe wa watu wakipita barabarani wanageuza shingo. Jua kali.

Kwa faida ya huyo mkaguzi: mimi ni Mbula, mtunza uwanja wa Reli Queens, klabu ya wasichana wa hapa Sultan Hamud. Tumeingia fainali ya Kombe la Vilabu vya Kanda. Mechi ni mbili. Ya kwanza ni Bukoba, Tanzania, tarehe 22 Novemba. Ya marudiano ni hapa kwetu, tarehe 6 Desemba. Kipa ni Nzisa, binti yangu. Ana miaka thelathini na moja na goti bovu, na amesema huu ndio msimu wake wa mwisho. Siandiki hivyo kujivuna. Sawa, najivuna kidogo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mara mbili. Jua.

Jumapili, 26 Oktoba

Mchungaji Jonah ametangaza wiki ya maombi ya mvua. Kila mtu ameshapanda ndengu kwenye vumbi na sasa anaangalia juu. Mimi nimepewa kuongoza akina mama Jumatano. Nimefurahi sana kuchaguliwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Jana tumeomba, leo imenyesha! Saa tisa mchana, dakika ishirini hivi. Watu sokoni walisimama nje walowe kwa kupenda. Nikakimbia uwanjani kuona nyasi zangu zikinywa.

Nilipofika lango la kusini furaha ilinikatika. Maji yalikuwa yamesimama mbele ya goli, kina cha kidole. Nikasema yatakwenda. Nikangoja saa nzima. Hayakwenda popote. Nikachukua karai na kuanza kuyachota na kuyamwaga nje ya tuta kabla wasichana hawajaja mazoezini.

Nzisa aliniuliza mbona nimelowa mpaka kiunoni. Nikamwambia ni mvua.

Jumamosi, 1 Novemba

Haroun hakisomi kitabu hiki. Amekishika mara moja tu, akauliza kama kalamu inaandika. Basi nitaandika ukweli, maana nisipouweka mahali utanipasua.

Uwanja wa zamani ulikuwa udongo mtupu na makorongo. Wakaguzi waliukataa. Mwezi wa saba Mwenyekiti Nzau akaita mwethya yetu, kundi la akina mama tunaochimbiana mashamba kwa zamu. Kiongozi ni mimi. Tulichimba wiki sita, wanawake ishirini, tukiimba. Na tulichimba vile tunavyojua kuchimba: fanya juu. Unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, tuta linasimama, maji yanabaki shambani. Huku kwetu mtoto anajifunza hilo kabla ya kujua kuhesabu. Tone lisitoke. Kwa hivyo nilizungusha uwanja wote na matuta, na upande wa chini, ulioinama, tuta nikalipandisha mpaka magotini. Tukalikanyaga kwa miguu mpaka likawa gumu kama ukuta.

Mkaguzi alikuja Septemba, kiangazi kikiwa kimekolea kabisa. Akaona kijani. Akapiga picha, akanipa mkono, akaenda.

Sasa nimeelewa. Uwanja wa mpira unatakiwa kutoa maji, si kuyashika. Nimejenga bwawa, nikalipaka chokaa, nikasimamisha magoli mawili ndani yake. Na mvua yenyewe bado haijaanza vizuri.

Jumanne, 4 Novemba

Mawingu. Sijamwagilia. Kila radi ikilia kule Emali natoka nje kuangalia.

Ijumaa, 7 Novemba

Mtu atauliza: si ufungue hilo tuta, Mbula? Ufungue yatoke?

Chini ya tuta kuna shamba la Syombua. Na Syombua ndiye mtu pekee aliyeuliza. Ilikuwa mwezi wa saba, siku ya tatu ya kuchimba. Alisimama akaegemea jembe lake, akasema, "Mama Nzisa, na yakijaa, yatatokea wapi?" Nikamjibu mbele ya wote, "Tangu lini umeona Mkamba akifukuza maji?" Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka kuwazidi. Syombua aliweka jembe begani, akaenda nyumbani, na hajarudi kwenye mwethya hadi leo. Tukikutana njiani anasalimia mbuzi wangu.

Nikifungua tuta, maji yanamshukia yeye. Na shamba lake lina matuta sita, mazuri kuliko ya mtu yeyote hapa, yote ya kushika maji. Ndengu haivumilii kusimama kwenye maji. Siku mbili tu inaoza.

Kwa hivyo siwezi kukata bila kumwambia, na siwezi kumwambia. Pia siwezi kumwambia Nzau, ambaye juzi alikuwa redioni akisema uwanja wetu ni mfano kwa kanda nzima. Nimebaki na njia moja tu, nayo naiogopa kuiandika.

Jumatano, 12 Novemba

Naiandika. Leo nimeongoza tena akina mama kuomba mvua. Haijanyesha siku kumi na tatu na majani ya ndengu yameanza kujikunja. Nilipaza sauti, "Baba, fungua mbingu." Wakaitikia amina. Na ndani ya moyo wangu nilikuwa nasema: funga. Funga mpaka tarehe saba Desemba, halafu ufanye upendavyo.

Mimi nimeomba isinyeshe. Mimi Mbula, niliyezaliwa mvua ikinyesha na kupewa jina lake. Watoto wa hawa wanawake watakula nini mwezi wa pili? Nilipofungua macho niliogopa hata kumwangalia Mchungaji, nikidhani imeandikwa kwenye paji la uso wangu.

Ijumaa, 14 Novemba

Imenyesha kidogo. Nimechota karai arobaini. Mgongo.

Jumanne, 18 Novemba

Wasichana wamesafiri kwenda Bukoba na basi la kukodi. Kabla ya kupanda, Haroun alikuja kwangu akanyoosha mkono. "Mama Nzisa, nipe kile kitabu. Nataka kumwonyesha kamishna wa mechi vile tunatunza uwanja."

Nikasema kimelowa, nimekianika, kurasa zimeshikana. Aliniangalia tu. Haroun ni mtu wa Mwingi, mpole, haongei sana, na ule upole wake ndio unaonitisha. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Akasema, "Haya, mama. Kikikauka."

Nzisa alinikumbatia dirishani. "Mwaitu," akasema, ndivyo Kikamba tunavyomwita mama, "mbona unatetemeka?" Nikamwambia ni baridi. Jua lilikuwa la kuchoma mtu.

Jumamosi, 22 Novemba

Tumesikiliza kwa simu ya Nzau tukiwa nje ya duka lake. Tumefungwa moja bila. Nzisa ameokoa penalti dakika ya sabini, na mtangazaji wa kule, kwa Kiswahili chao kile cha kutiririka, akasema mlinda mlango huyu ameumbwa kwa chuma. Watu walinibeba juu. Bao moja linarudishika, wote wanasema. Wakija hapa tutawala.

Nilikuwa juu ya mabega ya watu nikiangalia mawingu.

Jumanne, 25 Novemba

Nzau amesoma barua ya mashindano mbele ya kamati, na mimi nikiwa nyuma na ufagio. Kamishna atakagua uwanja saa nane mchana siku ya mechi. Atadondosha mpira sehemu tano. Usipodunda, hakuna mechi siku hiyo. Itajaribiwa tena kesho yake asubuhi. Ikishindikana tena, mwenyeji amepoteza, mabao matatu kwa bila, na kombe linakwenda Bukoba.

"Sisi hatuna shida hiyo," Nzau akasema, akanionyesha kwa mkono. "Tuko na Mama Nzisa."

Walinipigia makofi. Nikaendelea kufagia.

Sasa najua ninachoogopa, na kina sura. Wasichana kumi na mmoja wamevaa jezi, wamesimama kando ya maji, na Nzisa ana glavu mikononi, wanaambiwa wamepigwa na hawajagusa mpira. Na wanageuka kuuliza nani alijenga hapa.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua ya dakika arobaini. Maji yamefika kwenye kifundo cha mguu golini kusini na yametanda mpaka karibu na mstari wa kati. Nimechota kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Haroun alinikuta. Alivua shati, akachukua ndoo, tukachota pamoja bila kusema, na mara tatu nilifungua mdomo nikaufunga.

Jumanne, 2 Desemba

Nilikwenda kwa Syombua. Nilifika mpaka kwenye ua wake wa miiba. Ndengu zake zimetoa maua ya manjano, tuta baada ya tuta, hakuna shimo hata moja la mbegu lililokosa. Alikuwa anapalilia mgongo umenigeukia. Nikasimama dakika kumi. Nikarudi.

Jumatano, 3 Desemba

Jua! Nyasi zimekauka vizuri.

Ijumaa, 5 Desemba

Kamishna amefika, mama mrefu kutoka Kigali, viatu vyeupe. Ametembea uwanja mzima. Amedondosha mpira, ukaruka mpaka kifuani kwake. Akacheka. Anga ni safi, hakuna wingu hata la kumfunika kuku.

Nimemshukuru Mungu, halafu nikaona aibu kumshukuru. Kesho saa kama hii yatakuwa yamepita na hakuna atakayejua.

Jumapili, 7 Desemba

Ninaandika ya jana. Sijaenda kanisani.

Ilianza saa kumi na moja alfajiri. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagika. Saa tatu ilipoacha nilikuwa tayari uwanjani, na nusu ya kusini haikuwepo. Kulikuwa na ziwa, na magoli yamesimama ndani yake, na chokaa yangu imeelea juu kama maziwa. Maji yalifika katikati ya muundi. Wasichana walikuja na mabeseni, ndoo, sufuria za hotelini. Walichota wakiimba. Walidhani ni kazi ya saa moja. Mimi nilijua hata wangechota mpaka Krismasi, wanachomwaga juu ya tuta kinajaa kwenye mtaro wa nje na kurudi kupitia chini yake.

Nzisa alikuwa amepiga magoti na lile goti lake, anachota kwa karai langu. "Mwaitu, tutamaliza," aliniambia. "Usiogope."

Hapo ndipo nilipoondoka. Nilikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na nne, kwenye matope, mpaka mlangoni mwa jiko la Syombua.

"Mama Nzisa," akasema. "Umepotea sana."

"Nimekuja kuomba njia."

"Njia ya nini?"

"Ya maji."

Hakuonekana kushangaa. Alifuta mikono kwenye leso. "Ukifungua hilo tuta yanakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Na yakikwama kwa matuta yangu, ndengu imeisha. Kwa hivyo unataka na matuta yangu pia."

"Katikati tu. Upana wa majembe mawili, yashuke mpaka korongoni."

"Yote sita."

"Yote sita, Syombua."

Alikaa juu ya kigoda. Akaniambia kwamba hayo matuta aliyachimba na marehemu Ndolo, mume wake. Lile la nne Ndolo alilichimba akiwa tayari anakohoa damu, akipumzika kila majembe matatu, na alikataa kusaidiwa. Aliniambia hivyo kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekuonyesha njia ya sokoni. Woi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ulinicheka," akasema.

"Nilikucheka."

"Nilikuuliza vizuri. Sikukuuliza kwa ubaya."

"Najua."

"Basi nenda ukaseme. Mbele ya wale wanawake, na mwenyekiti, na huyo mgeni, na mtoto wako akisikia. Useme ni wewe ulijenga hivyo. Useme kuna mtu alikuuliza, ukamcheka. Ukishasema, njoo ukate."

Ningempa mbuzi wangu wote aniombe kitu kingine. Nilirudi nikitembea.

Kamishna alikuwa ameshafika na mwavuli wake. Nzau alikuwa anamweleza kwamba uwanja huu hukauka haraka. Nikasimama mbele yao. Sauti ilitoka ndogo, nikaanza tena. Nikasema, haukauki. Nikasema ni mimi niliyeujenga kama shamba. Nikasema Syombua aliniuliza maji yatatokea wapi nikamfanya kichekesho. Nikasema nimejua tangu tarehe thelathini Oktoba na nimedanganya kila siku, na kwamba nimewaongoza kuomba mvua huku naomba isinyeshe. Hilo la mwisho sikuwa nimeambiwa niliseme. Lilitoka lenyewe.

Akina mama wa mwethya waliniangalia, nao wana ndengu zao. Nzisa alikuwa na karai mkononi. Alilishusha chini polepole, akaangalia pembeni.

Nzau ndiye aliyelipuka. "Tangu Oktoba? Mimi nimeongea redioni! Mama, Jumatatu sitaki kukuona kwa huu uwanja!" Nilikuwa nimemwogopa mtu huyo zaidi ya mwezi, na sasa alipokuwa ananifokea niliona jinsi midomo yake ilivyotetemeka, kumbe naye alikuwa na hofu kama yangu. Akageuka akanyakua koleo.

Haroun alikuwa ameshavua viatu. "Tunakata wapi?" akauliza.

Tulikata tuta la uwanja sehemu tatu. Akina mama waliingia kazini bila kuniangalia, lakini waliingia. Syombua alikuwa amesimama kwenye tuta lake la kwanza na jembe. Alilikata mwenyewe. La pili, la tatu. Alipofika la nne alisimama. Nilikwenda nimpokee jembe, akanisukuma kwa kiwiko. Akalikata kwa majembe manne, makubwa, akaendelea na la tano.

Maji yalitoka. Yalipita kwa kelele katikati ya ndengu, yakichukua mistari mizima na maua yake, mekundu kwa udongo, tuta kwa tuta, yakaangukia korongoni. Mimi sijawahi kuona maji yakiachiwa kwa makusudi. Wanawake walishika vichwa. Mmoja alilia kabisa.

Saa nane mpira ulidunda sehemu tatu kati ya tano. Kamishna aliangalia saa yake, akaangalia matope kwenye viatu vyake, akasema atarudia saa tisa na nusu. Tukamwaga mchanga, tukamwaga unga wa mbao. Saa tisa na nusu ulidunda zote tano, golini kusini ukaruka kidogo tu, kufika kwenye goti. Mechi ikaanza saa kumi.

Siwezi kuiandika vizuri kwa sababu niliiangalia kupitia vidole. Kathini, mshambuliaji wetu, alifunga dakika ya hamsini na mbili, mpira ukaingia pamoja na tope. Jumla ya mechi mbili, moja kwa moja. Hakuna lingine. Penalti. Nzisa aliokoa moja, akaanguka juu ya lile goti, akainuka akichechemea. Sisi tulikosa mbili. Bukoba nne, Reli Queens tatu. Wasichana wa Bukoba waliinua kombe wakiwa wekundu kuanzia kichwani, huwezi kumjua nani ni nani.

Nzisa alinipita akiwa ameshikiliwa na Haroun. Jioni alikula kwa shangazi yake. Leo pia hajaja.

Zaidi ya mwezi nimeogopa maji. Sasa naogopa mlango wangu kutofunguliwa, na hofu hii ni kubwa kuliko ile.

Jumatatu, 8 Desemba

Sikwenda uwanjani, nimefukuzwa. Nilikwenda kwa Syombua na jembe, saa moja asubuhi, bila kuitwa. Nusu ya ndengu zimebaki. Nilianza na tuta la kwanza, nikijaza pengo na kulikanyaga. Alitoka jikoni, akaliangalia, akalipiga teke kwa kisigino.

"Limelala. Rudia."

Nikarudia. La pili nalo nikalirudia mara mbili. Saa nne alileta uji, vikombe viwili, akaweka kimoja chini karibu nami.

Nilikuwa kwenye tuta la nne nilipoona miguu, mmoja umefungwa bandeji. Sikuinua kichwa. Nikaendelea kuchimba na machozi yakidondoka juu ya mikono yangu mwenyewe, maana nilidhani amekuja kuniambia anahama.

"Mwaitu," akasema Nzisa. "Sijui kama nimekusamehe."

"Najua."

"Ungeniambia. Mimi ndiye kipa. Hilo goli ni langu."

Alishuka mtaroni polepole, akishika bega langu ili goti lisimwangushe.

"Lakini tulicheza," akasema. "Ile penalti ya mwisho niliigusa. Iligusa glavu, nikaisikia hapa." Alinionyesha ncha za vidole viwili. Alikuwa anavitazama kama vina kitu. "Tumepigwa, lakini tumepigwa tukicheza. Hiyo naweza kuibeba."

Halafu akaninyang'anya jembe.

"Sogea," akasema. "Unachimba vibaya ukilia."

Nikasogea.